Kidude Kisichotaka Kuzimwa

Jumatatu niliingia duka la vifaa vya umeme pale mtaa wa Usagara kununua balbu moja tu. Nilisimama nusu saa nzima. Mbele yangu bibi mmoja alikuwa amerudisha, kwa mara ya tatu, kidude alichonunuliwa na mwanawe ili kiyoyozi kiongozwe kwa simu.

"Hakiwaki," alisema.

Fundi mwenye duka akakichomeka. Kikawaka. Akakichomoa, akakichomeka tena. Kikawaka.

"Bibi, kizima hiki! Huko nyumbani mnakifanya nini?"

"Hatukigusi. Nikirudi sokoni nakikuta kimekufa."

"Ukitoka unazima umeme?"

Bibi alimtazama kana kwamba ameulizwa kama hufunga mlango. "Si nazima swichi kubwa! Umeme ukikatika ukarudi kwa vishindo, friji utaninunulia wewe?"

Fundi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Bibi, nakuheshimu, lakini hiki hakizimwi! Kinataka umeme saa zote, uwepo usiwepo!"

Nami nilikuwa nimeshachemka. Nusura nimsaidie kupaza sauti. Mara ikaadhiniwa adhuhuri. Fundi akatuomba tutoke, akashika kufuli, na mkono wake wa pili ukaenda wenyewe kwenye swichi kubwa ya duka. Feni zikalala.

Bibi aliinyooshea kidole ile swichi.

"Aa, bibi," fundi akanung'unika, "umeme wetu si unaujua?"

Balbu sikupata. Nilichopata ni hasira na huyo aliyekiunda kidude: bila shaka anaishi mahali ambako watu hutoka wakauacha umeme nyumbani peke yake.