Kidude cha Kugundua Chuma

Jumamosi, mwanzo wa Septemba. Jua tangu asubuhi, na upepo wa Kisaju umeleta vumbi mpaka ndani ya unga.

Ng'ombe mmoja wa yeyo, mama mzee jirani yetu, alichinjwa leo kabla hajafa mwenyewe. Daktari wa mifugo akapasua tumbo, akatoa kipande cha waya kifupi kama njiti ya kiberiti. Kilikuwa kimetoboa kuelekea moyo. Nimekiona kwa macho yangu.

Nataka kuandika vile ilikuwa bila kupendelea bwanangu, ingawa sijui kama nitaweza. Yeye ndiye dereva wa mashine iliyokata mahindi ya yeyo ya saileji, chakula cha ng'ombe cha kufukia shimoni, mvua ikielekea kuisha. Mashine hiyo iko na kidude ndani: chuma kikiingia mdomoni, rola zinasimama zenyewe kabla kifike kwa visu. Na lile shamba liliwahi kukatwa ploti, biashara ikaharibika, seng'enge ikang'olewa. Yeyo alichimbua bikoni zote, zile alama za mipaka ya ploti, akaamini chuma kimeisha.

Siku hiyo mashine ilisimama, bwanangu akatafuta, akapata waya. Ikasimama tena, waya tena. Baadaye ikasimama, hakuna kitu. Ikasimama, hakuna kitu. Na mawingu yametanda upande wa Ngong.

"Kijana yangu," yeyo akasema, "hii mashine inaogopa mahindi? Hata ndama yangu iko na roho kuliko hii."

Watu wakacheka. Nilikuwa nimeleta chai, nikacheka pia.

"Yeyo, ikisimama iko na sababu."

"Sababu gani, na umetafuta hujaona? Zima hicho kitu. Mahindi ikinyeshewa, ng'ombe watakula nini?"

Bwanangu akazima kidude.

Yeyo alisema ukweli, nyasi ya kungojea kiangazi haikuwako. Bwanangu naye alitafuta kweli. Waya mdogo namna ile, umekwama kwa bua, nani angeuona? Lakini kidude kiliuona. Hapo nashindwa kumtetea, na kumlaumu pia nashindwa.

Leo yeyo hakutupigia kelele. Ng'ombe waliobaki hawana chakula kingine ila lile shimo la saileji. Bwanangu akafungua spika ya redio yetu, akatoa sumaku, tukashinda huko tukiipitisha kwa kila ndoo kabla ya kumwaga. Ilishika waya, tena si mmoja.

Ng'ombe ile ya kukamuliwa, nyeusi, ilionja kidogo ikaacha, ikasimama imekunja mgongo kama yule aliyechinjwa. Daktari akaiangalia muda mrefu.

"Hiyo ndiyo maziwa ya wajukuu wangu," yeyo akasema.

"Tungoje, mama," daktari akajibu.

Jioni yeyo alitutumia nyama. Watoto walikula na ugali, wakaongeza. Bwanangu alikula ugali na sukuma peke yake. Mimi nilionja mchuzi.