Fomu Iliyotaka Jina la Mama

Katika habari hii hamna jina la mtu hata moja, na wa kulaumiwa ni nyanya yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jina ukishalitoa nje ya mlango hulirudishi tena. Mimi nilikuwa mbishi, kwa hivyo somo hilo lilinigharimu machozi kidogo na kicheko kingi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na kompyuta ilikuwa imeingia nyumbani kwetu Kibokoni. Jamaa ya mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Arabuni aliirudisha kama mtu anavyorudisha jokofu, imefungwa mablanketi, na hamali wawili wakaipandisha ngazi zetu nyembamba huku mjomba akiwapigia kelele kutoka chini. Nyanya akaifukiza udi, kama alivyokifukiza kitu chochote kipya. Mimi nikaifunika kanga. Usiku ule sikulala sawasawa, nikiifikiria tu, na nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne.

Kazi yake ya kwanza niliipata palepale. Binti ya mjomba alikuwa aolewe, na wanawake wa nyumba yetu walitaka ngoma ya vugo ya kweli, yenye nyimbo za zamani, si kupiga makofi na kutafuna maneno kama siku hizo wasichana walivyokuwa wakifanya. Nyimbo hizo alizijua Nyanya peke yake. Basi yeye akikaa dirishani na tasbihi yake, akinisomea ubeti mmoja mmoja, nami nikipiga vitufe. Nyimbo nyingine zilikuwa za kumpokea bwana harusi, nyingine za kumsuta shangazi yake kwa adabu hata asijue kama amesutwa. Nilikuwa na raha isiyo kifani. Kila herufi ikitokea kwenye kioo niliona kama mimi ndiye niliyeitunga.

"Mbona huandiki daftarini?" Nyanya aliniuliza siku ya kwanza.

"Nyanya, daftari ni mambo ya kale."

Aligeuka dirishani akaendelea na kazi yake nyingine, ya kuuliza. Maana hakupita mtu chini ya dirisha lile, mgeni au mwenyeji, bila kuulizwa: "Wewe u mwana wa nani?" Na watu walisimama wakajibu, tena kwa heshima, na wao wakamuuliza hali yake na hali ya goti lake.

Programu niliyoitumia ilikuja na kompyuta kwenye diski, na kila asubuhi nilipoiwasha kilitokea kisanduku cha maneno ya Kiingereza. Mimi nilibonyeza pale palipoandikwa sawa, nikaendelea. Kiingereza nilikijua vizuri; nilichokosa ni subira. Kumbe kile kisanduku kilikuwa kikiniambia kila siku kwamba programu ile ni ya kujaribu tu, ya siku thelathini, na kwamba siku zinapungua.

Zikapungua hadi zikaisha. Jumamosi moja asubuhi niliiwasha, na kisanduku kikakataa kuondoka. Kilisema muda umekwisha, mtumiaji ajisajili kwa wakala apewe namba ya kufungulia. Nyimbo zote zilikuwa ndani. Niliziona zimejipanga kwa vichwa vyake, lakini nikigusa mmoja kisanduku kinarudi. Nilizima, nikawasha, nikazima, nikawasha. Nikaipiga ubavuni. Mwisho nikaenda kwa Nyanya, nikamwambia kwa sauti ya kubembeleza tuzirudie chache, safari hii daftarini.

Akaanza ule wa kumtoa bi harusi ndani. Ubeti wa kwanza ukaja wote. Wa pili akaushika nusu, akanyamaza. Mkono wake uliendelea kupiga mwendo juu ya goti, midomo ikachezacheza, lakini maneno hayakuja. Akaniangalia kwa aibu ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Ubeti uleule alinipa mwezi uliopita bila kukwama, na sasa ulikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya lile sanduku lililofungwa. Niliogopa, nasema kweli.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa wakala na kurudi na fomu, nikakaa sakafuni karibu na Nyanya nikaanza kumsomea kwa Kiswahili kabla sijaijaza. Jina lako. Jina la ukoo. Sanduku la posta. Simu. Tarehe ya kuzaliwa. Kazi yako. Nyumba yenu ina watu wangapi. Watoto wadogo wangapi na umri wao. Nyanya aliitikia "enhe, enhe" kama asikilizaye taarifa ya habari. Kisha nikasoma: "Jina la mama kabla ya kuolewa, kwa ajili ya usalama."

Tasbihi ikasimama.

"La mama ya nani?"

"La mamangu."

"Wataka nini na jina la mamako?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Nyanya."

"Sikiliza, mwanangu. Mtu atakaye jina lako na jina la mamako ni mpiga falaki, na mpiga falaki akishayapata hayo mawili hana haja ya kuja kwako tena, hukufanya atakalo kwa nyota zako akiwa kwake. Si kwamba naamini mimi. Lakini hao wanaoamini ndio wanaoanzia hapo. Ati kwa usalama! Usalama wa nani?"

Nikamwambia hao ni watu wa ng'ambo wenye mashine, hawajui falaki wala ramli. Akasema ndiyo mbaya zaidi, mpiga ramli walau yuwajulikana nyumba yake. Hapo nikashindwa kujizuia, maana hasira zangu ziko karibu na pua. Nikamwambia yeye mwenyewe anashinda dirishani akiuliza watu wana wa nani, iweje leo akiulizwa yeye iwe dhambi?

"Mimi nikimuuliza mtu, na yeye huniuliza," alisema. "Wanijua dirisha langu. Hawa dirisha lao li wapi?"

"Na nyimbo je?"

"Na zikae."

Nilitoka pale nikivuta pumzi kama treni ya makaa. Siku mbili tulizungumza ya chumvi na ya chai tu. Mamangu, aliyekuwa akifundisha skuli Tudor na kurudi jioni, alituona tumenuna wala hakujua kwamba jina lake ndilo linalopiganiwa. Nilikuwa na uwezo wa kuijaza fomu ile kimya, Nyanya asijue. Kalamu niliishika mara mbili. Lakini nyimbo zilikuwa zake, na kuzikomboa kwa kitu alichokataa kukitoa kulinikaa vibaya rohoni.

Siku ya tatu asubuhi akaniita.

"Ndoo hapa. Hiyo fomu yataka watu wa nyumba hini, sivyo?"

"Ndiyo."

"Paka huyu yuwala wapi?"

Nikamtazama paka wetu, amejilaza juu ya kompyuta mahali penye joto. Nikamtazama Nyanya. Mwanamke yule hakuwahi kusema uongo hata wa kumfukuzia mgeni, na nilimwona akijipangia hoja zake kama kadhi. Paka ni wa nyumba hii. Ana jina. Jina ni la nyumba hii. Kwa hivyo pale pa ukoo wangu tukaandika jina la paka. Pale pa mama tukaandika la mamake paka, ambaye alikuwa wa jirani. Tulipofika kwa watoto wadogo Nyanya akasema, "Mtie na hapo, mmoja, miaka mitatu," akacheka mpaka ushungi ukamwanguka mabegani. Tarehe ya kuzaliwa tuliweka ya siku kompyuta ilipopanda ngazi, miaka tu nikairudisha nyuma.

Ofisi ya wakala ilikuwa Shimanzi, ghorofani juu ya ghala, na malori yakipita chini karatasi zilitetemeka mezani. Karani alikuwa dada wa Kirabai mwenye miwani mikubwa, mpole sana. Aliisoma fomu polepole, moyo wangu ukipiga vugo.

"Jina zuri la ukoo," alisema. "La wapi?"

"La nyumbani," nikamjibu.

Akaipiga muhuri. Ilikwenda ng'ambo kwa faksi, na baada ya siku nne namba ikaja. Niliishika karatasi ile safari nzima ya kurudi, nikapanda ngazi mbili mbili. Nyanya akasimama nyuma yangu, mkono begani. Nikaandika jina langu, nikaandika jina la paka, nikaandika namba tarakimu kwa tarakimu. Kisanduku kikaondoka! Mahali pake pakaja maneno ya kunikaribisha, mimi wa ukoo wa paka, na chini yake nyimbo zote, beti zote. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akauliza harusi imevutwa mbele? Nikaufungua ule wa kumtoa bi harusi, nikasoma ubeti wa pili kwa sauti, na Nyanya akaudaka katikati na kuumaliza mwenyewe. Kisha nikachukua daftari, la karatasi, nikanakili nyimbo zote kwa mkono. Nyanya alinichongea kalamu.

Vugo lilifana. Lakini utamu wenyewe ulikuja baadaye, kwa posta.

Mjomba aliingia siku moja na bahasha ndefu, kipaji kimekunjika. "Nani huyu anayeandikiwa kwa sanduku letu?" Ilikuwa mimi, wa ukoo wa paka, na walioniandikia walikuwa wauzaji wa kamusi kubwa kubwa ambao sikuwahi kuwasikia. Jina lile nililitoa mahali pamoja tu, Shimanzi. Wiki chache baadaye ikaja ya bima. Kisha ikaja ile ambayo sitaisahau, yenye picha za rangi, ikinipongeza na kuniomba ninunue vitabu vya picha kwa mtoto wangu wa miaka mitatu.

"Wamekuzalisha!" Nyanya alipaza sauti, furaha na ghadhabu pamoja. "Wamekuzalisha bila ndoa wala posa! Mwaona? Jina limetembea!"

Tangu hapo kila bahasha ilikuwa sikukuu. Tulizipanga kitandani kwa zamu zilivyokuja, tukikisia nani amempa nani. Nyanya aliziweka chini ya godoro na kuwaonyesha wageni, na kila mgeni alipouliza zingekuwaje barua hizi kama tungeandika ya kweli, Nyanya alinitazama mimi, nami niliitazama sakafu. Mbishi nilikuwa, lakini kipofu sikuwa.

Ndipo mchana mmoja alipolifunga dirisha lake, kitu ambacho hakukifanya hata wakati wa mvua. Akaniketisha kitandani.

"Mamangu alikufa ningali mdogo," alisema. "Watoto wangu wamjua kwa lakabu tu. Jina lake nimekaa nalo mimi. Iko siku moja litaulizwa, na siku hiyo ni ya kujibu. Mjomba wako simpi, kitu ukimpa chafika Makupa kabla yake. Wewe nimekuona."

Akaniinamia akalisema sikioni, mara moja. Nikalirudia kwa kunong'ona, akatikisa kichwa kukubali, akalifungua dirisha.

Siku yenyewe ilikuja miaka michache baadaye. Nyanya alikuwa ameshakoshwa na kukafiniwa, wanaume wako chini mlangoni na jeneza, wanawake tumejaa chumbani kwake. Mjomba akapanda ngazi, macho mekundu. Kwetu maiti akishazikwa husomewa talkini, ya kumkumbusha majibu ya kaburini, na katika talkini huitwa kwa jina lake na la mamake. Atakayesoma alikuwa anauliza.

"Mama ni binti wa nani, kwa mamake?"

Wanawake wakatazamana. Mamangu akataja lakabu, akasita. Nikasimama, nikamvuta mjomba kando ya kabati, nikampa sikioni. Hakuuliza nimelijuaje. Alishuka ngazi taratibu, midomo ikicheza, akilirudia lisije likampotea kabla ya kufika makaburini.