Kabla Hujamtaja Aliyezima Mfumo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ofisini kwetu Mbinga mjini, watu wamejaa mpaka barazani. Jana uliponipigia simu kwamba mfumo wa kazini kwenu unajizima na kujiwasha wenyewe, na kwamba mhusika umeshamjua, asubuhi hiyo ilinijia nikacheka peke yangu. Mama yako akadhani nimezeeka kweli.

Zilikuwa enzi za soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa kila kona, na sisi vijana tuliosomea kompyuta tulijiona hatushikiki. Chama cha wakulima kilikuwa kinaandikisha watu wa kupewa miche mipya ya kahawa kabla ya mvua. Mfumo wa kuwaandikisha ulikaa kwenye seva moja, kompyuta kuu ya chumba cha nyuma, makarani wakautumia kwenye kompyuta zao za mbele. Mkulima ametoka Litembo kwa miguu, karani anakaribia kumaliza kujaza habari zake, mara mfumo unajiwasha upya na kila kitu kinafutika. Wanaanza tena, unaanguka tena. Wazee wakaanza kunung'unika kwamba tunawanyima miche kwa hila.

Mimi ndiye niliyetunza ile seva. Nilichunguza nikaona jambo moja tu: mfumo ulianguka siku ambazo Osmund, karani aliyewapiga wakulima picha za kadi, alikuwa kazini. Akienda kwao Mbamba Bay, unatulia. Meneja akaniambia, "Niandikie jina lake, Ijumaa aondoke." Osmund alikuwa na mtoto mchanga na hana kazi nyingine. Siku zote tulimtania kwamba mtu wa ziwani atajua nini zaidi ya kuvua dagaa wa usipa, naye alicheka. Wiki ile hakucheka, na sisi tulikuwa hatutanii tena.

Jioni nikaenda kula kwa babu. Kwetu Wamatengo wanaume wa ukoo tulikula pamoja kwake, ndiyo sengu yenyewe, na hapo ndipo mambo ya kila mtu yalipozungumzwa. Nikajigamba kwamba nimemnasa mharibifu.

"Umemuuliza?" babu akasema.

"Babu, ushahidi ninao."

"Sijakuuliza ushahidi. Nimekuuliza kama umemuuliza."

Nikamega tonge la ugali.

"Na hata ukimuuliza, na huo uso ulioukunja, atakwambia nini? Atasema hajui kitu. Mimi hapa nikitaka kujua nani kaacha zizi wazi, naanza kueleza siku yangu mimi. Na wewe anza, mwenzako atafuata."

Akavuta bakuli la maharage, mazungumzo yakahamia kwenye mahindi. Niliona aibu, sikufichi.

Kesho yake, kabla hatujafungua mlango, nikawaita meneja na makarani. Nikaanza mimi: kwamba juzi nilibadilisha mpangilio wa seva mchana, watu wakiwa kazini, na huenda mara mojawapo niliuangusha mwenyewe. Meneja akakohoa, akasema naye huwa anafungua taarifa za wilaya nzima kwa pamoja, mashine inaelemewa. Hapo Osmund akafungua mdomo bila kuulizwa.

"Mimi, kaka, nikishachapa kadi ya mkulima nafuta folda ya picha yake pale pale. Naogopa seva isijae."

Tatizo lilikuwa hilo. Folda za picha ziliwekwa ndani ya folda ya mfumo wenyewe, na mfumo wa namna ile, folda yake ya ndani ikiondolewa, unaona umebadilishwa. Unajizima na kuwaka upya ili ujisome vizuri. Osmund akafuta folda moja tukiwa tunatazama, na kwenye kompyuta ya jirani yake fomu ikapotea papo hapo. Tulicheka mpaka walioko nje wakagonga mlango. Nikazihamishia picha mahali pengine, Osmund akaendelea na usafi wake, foleni ikasogea. Miche ikafika Litembo na Kitura kabla ya mvua, na Ijumaa Osmund alikuwa mezani kwake, anatusimulia mtoto alivyoota jino.

Basi mwanangu, mfumo haujiwashi upya bure. Pengine kumbukumbu ya mashine imejaa. Pengine umekaa muda bila kutumiwa, seva ikaulaza. Inaweza kuwa kosa ndani ya programu, au umeme, au mtu kaugusa akidhani anasaidia. Rekodi za seva utazisoma, hilo umesomea kuliko mimi. Lakini rekodi haitakwambia mtu alikuwa na nia gani. Hilo litasemwa na mtu asiyekuogopa. Kesho wakalishe wenzako, eleza wewe kwanza ulichofanya. Yule uliyenitajia mpe nafasi aseme, umsikilize mpaka mwisho. Hata kama ni yeye, utautengeneza mfumo naye atabaki na kazi yake.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe mikono yenye ujuzi na moyo mpole, na popote utakapofanya kazi, wenzako wasiogope kukwambia ukweli.