Nilikataa kufuta ubao: pamba ya nyumbani ina inverse zaidi ya moja

Wakuu, mwangaluka.

Niko internet café hapa Bariadi. Nasoma Form Five, PCM. Mimi ni mtu wa kuandika diary, kuongea mbele za watu siwezi, hata jina langu darasani naliitikia kwa shida. Ila hili nalimwaga kama lilivyotokea, na darasa zima lilikuwepo.

Mwalimu wa Advanced Maths alishaniambia nihamie HKL, mchepuo wa historia na lugha. "Msichana mkimya kama wewe, hesabu zitakuua." Nikamwomba nafasi, akanipa moja: nifundishe topic ubaoni. Nikiboronga, nahama.

Nikachagua semigroup. Niliikuta kwenye kitabu chakavu cha algebra pale library. Kwa kifupi ni matendo unayoyafuatanisha, moja baada ya jingine. Kuna aina ambayo kila tendo lina inverse, yaani tendo la kuligeuza, moja tu. Sura inayofuata wanalegeza kamba: inverse zinaweza kuwa nyingi.

Kusoma hapo tu, nikaona nyumbani kwetu Dutwa.

Mama huchagua pamba: safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Sengi, yaani shangazi, akija anaipanga upya kwa jicho lake.

"Wifi, wewe hata wingu ungeliita fifi!" sengi humwambia mama.

"Na wewe hata tope ungeliita safi."

Kisha anakuja mnunuzi binafsi. Tangu soko liwe huria hawa hawaulizi daraja. Anamwaga yote lundo moja. (Inaniuma, ila huo ni uzi mwingine.)

Sasa tazameni. Mnunuzi achanganye, mama achague, mnunuzi achanganye tena: lundo lilelile. Mweke sengi badala ya mama: bado lundo lilelile.

Na ukianzia kwa mama, mnunuzi akachanganya, mama akachagua tena, unapata mafungu yaleyale ya mama. Ya sengi vilevile.

Hicho ndicho kipimo cha inverse kitabuni, kwa hiyo mnunuzi ana inverse mbili. Mama na sengi, na hawapatani!

Nikaandika yote ubaoni. Wavulana wa nyuma wakaanza: "Bi Pamba! Mzani uko wapi?"

Mwalimu akasimama. "Inverse ni moja. Zikiwa mbili hiyo ni fujo, haina structure. Futa."

"Kwenye group ni moja, Mwalimu. Hii si group. Na sheria inayo: anayemaliza ndiye anayeamua."

"Nimesema futa."

"Sifuti, Mwalimu."

Wakuu, sauti ile sijui ilitoka wapi.

Akachukua dasta, akafuta mwenyewe. Nikaandika tena, mistari ileile. Akafuta. Nikaandika.

Mmoja wa walewale walioniita Bi Pamba akapaza sauti: "Mwalimu, si ndiyo sheria yake hiyo? Kaandika, umefuta, kaandika, ubao uko vilevile!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akautazama ubao, akaniangalia mimi, akaweka dasta mezani.

"Kaa chini," akasema. "Kesho umalizie."

Habari ya HKL hajaigusa tena. Nami sijamuuliza.

Nilichojifunza: ukimya si kushindwa. Mtu akikufuta, andika tena, usimwachie yeye awe wa mwisho.

Haya, maoni yenu. Hata mnaoona HKL ndiyo inanifaa, andikeni tu.

Nitajibu baada yenu.