Kukata na Kufumua

Tangu ujana wake Usumani alikata uzi kwa meno ya mbele. Mkasi ulikuwa palepale mezani, lakini akimaliza kushona kifungo aliinama, uzi ukakatika, kazi ikaendelea. Binti yake Raihana, aliyeshona naye katika duka lao dogo la Nyakabanda, hakuchoka kumgombeza.

"Baba, mkasi iko hapo! Wateja wanaona mate yako."

"Wanalipia mishono. Mate ni ya bure."

Kisha akaanza kupata taabu ya kumeza. Maumivu yalipanda kutoka kooni hadi sikioni. Hospitalini alichunguzwa, na majibu yalipotoka akaitwa na daktari Kamanzi, mpasuaji aliyekulia Mwanza. Kamanzi hakumficha kitu: ilikuwa saratani, nayo ilikaa nyuma kabisa ya ulimi, mahali pasipofikika vizuri kwa kupitia kinywani.

"Kwa hiyo tutakata taya, mzee wangu, ndipo tuufikie huo uvimbe."

Usumani alishika kidevu chake. Akamshukuru daktari, akavaa kofia yake, akaondoka.

"Wanataka kunikata taya," alimwambia Raihana dukani. "Nitatafuna na nini? Heri nife na uso wangu."

Raihana alilia, akabembeleza, akarudi kwenye cherehani yake. Alijua kwamba kwa baba yake kukata si neno la mchezo. Kitambaa kikishapitiwa na mkasi hakirudi kuwa kizima, na kipande kinachoanguka chini hufagiliwa jioni.

Siku chache baadaye mteja mmoja kutoka Gisimenti alileta koti la suti lililopasuka begani, kwa ndani. Usumani alilipindua, akachora vistari vya chaki kukatiza mshono wa bitana, akaanza kuufungua kwa ncha ya wembe.

"Baba, unakata koti ya watu?"

"Nani anakata? Ninafumua. Pameharibika ndani, nitapafikiaje nisipofungua? Nikimaliza nitarudishia."

Raihana alisimamisha cherehani yake. "Na dokta je? Yeye anakata, ama anafumua?"

Usumani aliendelea kufumua. Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki, na alipoingia aliuliza swali hilohilo kabla hajaketi.

Kamanzi alijigusa kidevu. "Nafumua, mzee. Nagawanya mdomo wa chini na kidevu hapa katikati, kisha mfupa wa taya, nazifungua pande mbili. Nikishatoa uvimbe nazirudisha, nazikaza kwa vibati na skrubu. Taya linabaki lako."

"Zitakutana sawasawa? Mimi nikifumua bila alama ya chaki, koti linapinda."

"Chaki yangu ni matundu. Naweka kibati na kutoboa matundu ya skrubu kwanza, mfupa ukiwa bado mzima. Ndipo nagawanya. Wakati wa kurudisha, kila skrubu inakwenda kwenye tundu lake."

Usumani aliitazama mikono ya daktari.

"Basi wewe ni fundi."

"Lakini sauti itabadilika, mzee. Na kovu litaonekana. Sitakudanganya."

"Koti ninalofumua pia linaonyesha alama, kwa anayejua kutazama. Haya, lini?"

Alifanyiwa upasuaji. Kwa wiki kadhaa alilishwa kwa mpira uliopita puani, kisha akaanza uji na vyakula laini, kisha mionzi ya kutibu saratani ikamchoma kinywa na kumrudisha tena kwenye uji. Kovu lilishuka kutoka mdomoni, likapita kidevuni hadi shingoni. Maneno yake yakawa mazito, na wateja wakajifunza kumsikiliza taratibu.

Miezi ilipita kabla hajaketi tena nyuma ya meza yake. Siku hiyo alishona kifungo cha shati, akafunga fundo, akabaki ameushika uzi. Raihana alimwona akiinama polepole. Meno ya juu yalikutana na ya chini, na uzi ukakatika.

"Baba, mkasi iko hapo," alisema, lakini hakuusogeza.