Gari la Chini na Mnazi wa Posa

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, na haikuwa siku ya harusi wala ya msiba. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimesimama kwenye gereji moja ya Changamwe namtazama fundi akikata springi za gari langu kwa grenda, cheche zinaruka, nami natabasamu peke yangu kama mtu aliyeposwa. Imenirudia kwa sababu juzi ulinionyesha picha ya kigari chako kwenye simu ukaniuliza, "Mama Dama, nikikishusha kidogo kitakaa vipi?" Wageni walikuwa wengi, nikacheka tu. Leo nakujibu.

Kwanza ujue kwamba huyu mama unayemwona akienda kanisani hapa Kiembeni na mwavuli hakuzaliwa na mwavuli. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, sina mume wala mtoto. Nilichokuwa nacho ni kigari cha milango mitatu kutoka Japani, kifupi nyuma, buti yake na viti ni chumba kimoja, na injini yake ya turbo. Ukikanyaga mafuta, mgongo unagandishwa kwenye kiti. Wanaume wa ofisini walikuwa wakiniomba niwaendeshe hadi Port Reitz na kurudi, nami nilikuwa nikikataa kwa maringo.

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Kilikaa juu juu, pengo kati ya tairi na bodi ungepitisha ngumi, na kwenye kona kikawa kinalala upande. Usidhani nakwambia kushusha gari ni wazimu. Gari likiwa chini hushika barabara vizuri zaidi, na kwa macho hupendeza, nani atabisha? Hata leo likipita moja lililoshushwa vizuri nageuza shingo, uzee huu na yote.

Fundi wangu alikuwa Mutua, Mkamba mpole aliyehamia pwani kutoka Machakos. Alilizunguka gari mara mbili kabla ya kusema neno.

"Madam, afadhali uagize springi fupi na shoki zake, zinakuja seti. Hizi nikizikata, shoki zitabaki zile za zamani. Hazitapatana."

"Zitachukua muda gani kufika?"

"Miezi miwili hivi."

"Basi kata."

Akakuna kichwa. "Na huwa unabeba watu wangapi?"

"Najibeba mwenyewe," nikamjibu.

Akasema atakata mzunguko mmoja wa springi. Nikamwambia miwili. Nilikuwa mteja, na mteja wa aina yangu humchosha fundi mpaka fundi afanye anachotaka mteja, huku akijua ni makosa.

Siwezi kukudanganya, ile wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Gari lilikaa chini kama paka anayevizia. Nikitoka Daraja la Nyali kuingia Kisauni, lami ikiwa safi nami niko peke yangu, lilikuwa likigeuka pale ninapotaka, papo hapo. Kwenye matuta nilipita upande upande, pole pole, na nilipokwaruza chini nilijiambia hiyo ndiyo bei ya uzuri. Mtu akiwa peke yake garini husamehe mengi.

Sasa nikuambie kuhusu ndugu yangu Katana. Alikuwa akinifuata kuzaliwa, fundi umeme, mtu wa maneno machache. Alikuwa amempenda msichana wa Kiduruma aitwaye Mbodze, mwalimu wa chekechea kule Shika Adabu, Likoni. Walikuwa wamependana miaka miwili kimya kimya, na mwishowe kwao wakakubali wazee wetu waje wapeleke posa. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa baba mdogo, Mzee Charo. Wa pili alikuwa Shangazi Sidi, dada wa baba, ambaye kwetu Wagiriama posa bila yeye ni mazungumzo tu. Upande wa pili aliyesubiriwa ni mjomba wake Mbodze. Kwa Waduruma mjomba ni mtu mkubwa, na huyu alikuwa amesafiri kutoka Kinango kwa ajili ya siku hiyo moja.

Katana alitaka kukodi gari kubwa. Nikamkatalia. Nikamwambia, "Mimi dada yako nina gari, wewe ukodi? Watu watasemaje?" Ukweli ni kwamba nilitaka watu wa Shika Adabu walione.

Tukaondoka Kiembeni saa tatu. Mzee Charo mbele na koti lake la kanisani, Shangazi Sidi na Katana nyuma, magoti yamewagusa videvu. Nyuma yao kwenye buti tuliweka kreti mbili za soda, gunia dogo la mchele, na dumu la mnazi wa posa, tembo ya kugema, lita ishirini. Mnazi, unavyojua, haufungwi ukakazwa. Mgema alikuwa ameuziba kwa makumbi ya nazi tu ili upumue. Mimi nikaogopa zulia langu litanuka, nikatoa yale makumbi, nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, wala sikumwambia mtu.

Gari lilipobeba uzito ule, lile pengo la tairi nililokuwa nikilichukia likaisha kabisa. Springi zilikuwa zimefika mwisho. Tulikuwa tumekalia zile raba za mwisho wa shoki, na chini ya raba ni chuma. Kila shimo la barabara liliingia garini kama lilivyo. Shangazi akasema mara moja tu, "Dama, gari hili lina miguu kweli?" Mzee Charo akacheka. Nami nikacheka.

Feri ndiyo iliyonivua nguo. Maji yalikuwa yamekupwa, njia ya kuteremkia imekaa mteremko mkali, na pale inapokutana na bamba la feri bampa yangu ya mbele ikagota. Nikarudi nyuma, ikalia. Nikaenda mbele, ikalia zaidi. Filimbi zikapigwa, malori yakapiga honi, mfanyakazi mmoja wa feri akaniambia, "Dada, shusha watu!" Wazee wangu wakateremka, Shangazi akishikwa mikono miwili na Katana, wakaingia ndani kwa miguu pamoja na watu na mikokoteni yao. Tulikosa feri mbili kabla gari halijaingizwa kwa mbao zilizowekwa chini ya magurudumu.

Tulipotoka upande wa Likoni tulikuwa tumechelewa karibu saa mbili. Nikataka kufidia. Nikawasha nyimbo za injili ili wasisikie mgongano wa chini, nikakanyaga. Karibu na Shika Adabu kuna tuta nililoliona nikiwa juu yake tayari. Gari lilipiga chini, Shangazi akapiga kelele, na nyuma kukasikika mlio kama wa tairi kupasuka.

Haikuwa tairi. Jua kali, kifuniko kilichokazwa na mtikiso wa safari nzima vilikuwa vimeuchemsha ule mnazi, na dumu lilikuwa limevimba kama tumbo. Kifuniko kiliruka, povu likagonga paa, likawamwagikia Shangazi na Katana vichwani, likamfikia Mzee Charo shingoni. Gari la aina ile halina ukuta wa kutenga buti na watu.

Tulifika kwa kina Mbodze saa saba, wenyeji wametusubiri tangu saa tano. Hebu jione wewe ndiye mjomba umetoka Kinango, mtu wa kanisa, na posa inaingia mlangoni inanuka ulevi, koti la msemaji limelowa, shangazi hawezi kusimama wima kwa mgongo kumuuma, na dumu lina mnazi usiofika robo. Walitupa maji ya kunawa. Walitupa chakula, tena kizuri. Hakuna aliyetutukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mzee Charo aliposimama ili aseme, mjomba akamzuia kwa adabu.

"Kaa, mzee mwenzangu. Mumechoka, na sisi tumechoka. Mimi siwezi kuanza safari ya mtoto wangu na dumu lililopasuka. Rudini siku nyingine mkiwa mumejipanga."

Katana alitazama chini. Mbodze alikuwa kwenye mlango wa jikoni ameshika sinia, nikamwona akirudi ndani nalo.

Jioni yake Shangazi Sidi aliniita chumbani kwake, amelala kwa ubavu kwa sababu ya mgongo. Mutua alikuwa amekuja kulivuta gari, maana lile tuta lilikuwa limevunja vyuma vya chini, kumbe walizungumza. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Fundi alipokuuliza unabeba watu wangapi, ulimjibu unajibeba mwenyewe. Sisi tulikuwa nani, mwanangu?" Nilimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi mpaka akalala.

Posa haikurudi upesi. Kwanza tulingoja mjomba apate nafasi, kisha mvua zikakata barabara ya Kinango, kisha mjomba mwenyewe akaugua. Katikati ya hayo Mbodze akapata kazi ya ualimu Voi. Simu zikawa za kila siku, zikawa za wiki, zikaisha. Mwaka haukupita akaolewa hukohuko. Katana alioa baadaye, mke mwema, na watoto wake unawajua. Sisemi maisha yake yaliharibika. Pengine wangeachana hata kama mnazi ungefika umejaa. Lakini sitajua, na yeye hatajua.

Gari nililitengeneza. Niliagiza seti kamili, springi na shoki zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja, na zilifika kwa ile miezi miwili niliyoona ni mingi. Mutua aliwapakia vijana wanne wa gereji, akajaza buti matairi ya zamani, ndipo akapima kama bado raba iko huru. Kisha tukapeleka magurudumu kunyooshwa. Lilishuka vidole viwili tu, na likashika kona vizuri kuliko lilipokuwa limekatwa springi. Nilikaa nalo miaka tisa.

Tulipomzika Shangazi Sidi, miaka mingi baadaye, mimi na Katana tuliketi pamoja nyuma ya turubai. Nikamwambia neno nililolibeba muda wote huo. Nikamwambia, "Nisamehe kwa lile tuta."

Akanigeukia. "Dada, kwa tuta sikulaumu. Matuta yako kila mahali. Lakini tangu tutoke kwenye feri nilikugusa bega mara tatu, nakwambia punguza mwendo, Shangazi anaumia. Mara ya tatu ukaongeza sauti ya redio."

Mwanangu, bampa ikilia kwenye feri naikumbuka. Rangi ya povu naikumbuka. Ule mkono begani mwangu siukumbuki kabisa, hata mara moja. Nimeutafuta kichwani miaka yote hii na sijaupata, na Katana si mwongo.

Basi jibu langu ni hili. Shusha gari lako, litapendeza. Usikate springi, agiza zinazofaa na ungoje zifike. Lipime likiwa limebeba watu, maana gari tupu husema uongo. Na siku ukimpakia mtu, yeyote yule, zima redio. Akikugusa bega, ondoa mguu kwenye mafuta kwanza, halafu ndipo umuulize kuna nini.

Mungu akuweke. Akupe mikono mitulivu na masikio yaliyo wazi, na kila anayepanda gari lako ateremke akiwa mzima, akikushukuru kwa moyo wake. Amina. Haya, nenda ukampigie fundi.