Nilivyompelekea mdogo wangu posa Adelaide, nikaishia kufanyishwa mtihani wa South Australia

Wakuu, salaam kutoka Fridley, kaskazini kidogo ya Minneapolis, Minnesota, huku Marekani. Baridi inang'ata, gari limegoma kuwaka, kwa hiyo nina muda wa kuandika. Haya yametokea kweli na shahidi ninaye, ila mpaka leo hajanisamehe.

Iko hivi.

Nakaa na mdogo wangu Baraka, mtoto wa mama mdogo. Alikutana na binti anaitwa Rehema kwenye harusi Dar, wote wakiwa likizo. Binti anaishi Adelaide, Australia, alikolelewa na baba yake mkubwa, Mzee Mwakalinga.

Mapenzi ya simu yakakolea. Dogo akawa anaichekea simu mpaka chakula kinapoa.

Ikabidi tupeleke posa. Nauli ya Australia hakuna mwenye nayo, tukakubaliana ifanyike kwa video. Mimi nikateuliwa mshenga. Sifa yangu ni mdomo tu, sina nyingine.

Baraka akanionya jambo moja. Mzee alishawakataa wachumba wawili, na Rehema kasema hawezi kumpinga mtu aliyemlea. Mzee akikataa, basi tena.

Balaa la kwanza lilikuwa saa. Tuliahidi saa tatu asubuhi, Jumapili ya kwao. Nikapiga hesabu kwa saa za Sydney nikijua Australia ni Australia. Kumbe Adelaide wako nyuma ya Sydney kwa nusu saa.

Nusu saa, wakuu! Nani anagawa saa za nchi kwa nusunusu?

Huku ilikuwa Jumamosi jioni, tumevaa suti juu na pajama chini. Tunapiga, mzee anapokea na singlendi, mswaki mdomoni. Akatuangalia, akakata.

Tulipopiga tena alikuwa na tai, mama, mkewe, pembeni na kilemba chake. Habari ya mswaki hakuna aliyeigusa.

Sasa mnajua posa inavyofunguliwa. Unasema tumepita tukaona ua zuri kwenye bustani yenu. Mimi nikataka kuongeza manjonjo. Nilikuwa nime-google Australia kazini wakati wa break, nikasoma habari za Waingereza kupeleka wafungwa huko. Nikaona huu ndio utani wa ukweni wenyewe.

Nikasema, "Mzee, tumesikia bustani yenu ilipandwa na wafungwa, lakini ua limechanua vizuri sana."

Baraka akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mzee akavua miwani. Akanieleza taratibu kwamba pale si Sydney. South Australia, jimbo lenye Adelaide, ilianzishwa na walowezi huru, haikuwa koloni la wafungwa, na watu wa kule wanaliringia jambo hilo mpaka kesho. Halafu akasema hata hao walowezi wasijifanye, maana Wakaurna, wenyeji wa asili, walikuwa pale maelfu ya miaka kabla yao na hakuna aliyewaomba ruhusa.

Mnyakyusa kabisa huyu, lakini jimbo analitetea utadhani kalizaa yeye.

Tukapigwa faini. Nikadhani ni mbuzi, yaishe. Wapi! Akasema turudi Jumapili inayofuata, mshenga aeleze South Australia ni nini. Nikishindwa, posa nirudi nayo.

Wiki hiyo nilisoma kuliko nilivyosoma form four. Natoka kiwandani, naoga, nasoma. Jamaa zangu wa kahawa pale mtaa wa Cedar, Minneapolis, wakaanza kuniita Profesa Kangaroo. Wajinga sana wale.

Siku ikafika, nikamwaga. Jimbo kavu kuliko yote Australia. Mto Murray unaowanywesha. Wajerumani waliokuja na kupanda mizabibu. Mji wa wachimba opali, yale mawe ya thamani, ambako watu wanaishi chini ya ardhi kukwepa joto.

Mama akadakia kwamba wanawake wa kule walipata kura na haki ya kugombea ubunge wakati karibu dunia nzima inawaambia wanyamaze. Nikasema ndiyo mama, nilikuwa nakuja hapo. Uongo, nilishasahau.

Nikamalizia na Ziwa Eyre, kubwa kuliko yote nchini, na mara nyingi halina maji. Nikajiona nimeua.

Mzee akatikisa kichwa. "Vizuri. Na Minnesota je? Nieleze unakotaka kumpeleka mwanangu."

Wakuu, nilitoka kapa. Miaka yote hii najua kiwanda, kitanda na foleni ya barabarani. Niliona aibu, nikatamani network ikatike.

Kwa mila zetu mwoaji hasemi kitu kwenye posa. Baraka akasema.

"Baba, historia ya huku siijui. Najua maziwa yanaganda mpaka tunaegesha magari juu yake. Najua gari langu liliwahi kukwama kwenye theluji, akatoka jirani nisiyemjua na koleo, akalichimbua, akarudi ndani bila kuniuliza natoka wapi. Na najua Rehema atapata baridi. Hiyo ndiyo inayonitisha."

 Mzee akasema mwoaji kufungua mdomo ni kosa, faini ya pili.

Faini yenyewe ikawa koti la baridi la Rehema. Zito, na lifike Adelaide kwanza, jibu baadaye.

Tukalituma. Rehema akatupigia video, kamera kaielekeza uani. Kiangazi cha kule, jua la kukaanga yai, na mzee amekaa kwenye kiti kavaa lile koti, zipu mpaka kidevuni, jasho linamtiririka. Mama anamwambia avue, hataki.

Akamwambia Rehema, "Linatosha. Waambie waje."

Mimi utani nikaukosa pale pale. Nililia, na sijali mnavyonicheka.

Nilichojifunza: kabla hujajifanya mjuaji wa kwa watu, jua kwanza unapolala.

Haya mlio nje, mkwe akikuuliza hapo unapoishi ni wapi, utamjibu nini? Shusheni majibu, fundi wa gari bado hajafika.